Hatua za Bi Mwanaisha

Wenzangu wa Waa, mnaonijua kama mhudumu wa afya wa kijiji, leo nichekeni. Nastahili.

Tulipewa bangili za kuwavisha wagonjwa wa kisukari. Bangili inahesabu hatua za mtu kwa jinsi mkono unavyokwenda mbele na nyuma, kisha akili unde kwenye simu yangu inaniambia nani anaendelea vizuri. Basi nikaacha kuzunguka nyumba kwa nyumba. Ya nini kuchoma nyayo na simu inajua kila kitu?

Kati ya wagonjwa wangu, Bi Mwanaisha ndiye aliyeongoza. Kila siku simu ilimpa hongera kwa kutembea, nami nikajigamba kwamba bibi yangu anawashinda vijana.

Juzi daktari alikuja zahanati yetu. Nikamwita Bi Mwanaisha nimwonyeshe. Aliletwa kwa bodaboda, akashikwa mikono miwili hadi kwenye benchi, wala mimi mpumbavu sikujiuliza kwa nini.

"Shikamoo bibi!" nikapaza sauti mbele ya watu. "Hebu simama, waone unavyotembea!"

"Marahaba, mwanangu." Hakusimama. Alipandisha leso, tukauona mguu umevimba, una kidonda kinachonuka. "Mwezi mzima sitembei. Nakalia kibao cha mbuzi, nawakunia nazi wapika mahamri."

Mkono wake wa kulia, wenye bangili, ulikuwa bado na chembe za nazi.

Daktari akanigeukia. "Mara ya mwisho ulifika kwake lini?"

Bi Mwanaisha akanijibia, kwa upole: "Siku ile aliyonivisha hii bangili."