Chupa ya Shahidi

Waliokuja kumzika walimwita Chupa, hata wale waliolijua jina lake. Mdogo wake wa kike, aliyekaa na wanawake upande wa jikoni, alimsikia mmoja akisema, “Chupa naye kapumzika,” akatabasamu katikati ya machozi. Miaka ishirini na tatu kaka yake alibeba begani sanduku la barafu lililojaa chupa za sampuli, akipima udongo na maji ya chini ya ardhi kila palipomwagika mafuta au dawa. Majirani waliona ni kazi ya kuchota maji. Hata yeye, mdogo mtu, aliona hivyo, mpaka siku alipofuatana naye.

Siku hiyo msaidizi wa kaka alikuwa anaumwa, na kisima cha kupimwa kilikuwa kisima cha mtaa wao wenyewe. Nyuma ya ukuta palikuwa na gereji iliyofungwa, na tangi lake la petroli lilipofukuliwa lilikutwa limeliwa na kutu. Kama petroli ilikuwa imefika kwenye maji, kisima kingefungwa, na kaya sitini zingechota ng’ambo ya barabara kuu, mwendo wa saa nzima.

Kaka alipiga magoti kama mtu wa ibada. Akateremsha utepe wa kupimia kina ndani ya bomba la kisima taratibu, mpaka kikengele chake kikalia kwa kugusa maji.

“Hayo hapo. Mita kumi na moja.”

“Unayaona, kaka?”

“Sijawahi kuyaona hata siku moja. Mwenye kuyaona ni Mungu. Mimi nabisha hodi tu.”

Kisha akayavuta kwa pampu ya jenereta na kuyamwaga kwenye pipa, ndoo baada ya ndoo. Yaliyolala ndani ya bomba, alisema, ni maji yaliyotuama, hayajui habari za chini. Kila baada ya dakika tano alisoma joto na chumvi. Hangechukua kitu mpaka vipimo vitatu vifuatane bila kupishana.

Fundi viatu wa jirani akashindwa kuvumilia. “Chupa! Unayapima au unayabembeleza? Mkeo anajua kama unaweza subira hii?”

“Mke wangu hana petroli, fundi.”

Watu wakacheka. Katikati ya kicheko jenereta ikakohoa na kuzima. Mdogo mtu, akitaka kusaidia, akachukua dumu la petroli akaijaza, akafuta glavu zake kwenye sketi, akarudi kushika chupa. Akashika za kisima, akashika na ile aliyoiita kaka yake shahidi: chupa iliyojazwa palepale kwa maji safi yaliyotoka maabara.

Baada ya siku kumi majibu yakaja. Petroli. Kisima kikapigwa mnyororo, na mtaa ukaanza kuvuka barabara na ndoo. Mama mmoja mja mzito alianguka na mzigo wake katikati ya magari. Dereva alikanyaga breki, zikabaki hatua mbili tu amgonge.

Jioni hiyo kaka aliitandaza karatasi ya majibu mezani, akaisoma mpaka mstari wa chini.

“Mdogo wangu, jenereta ilipozima, nani aliijaza?”

“Mimi.”

“Ulibadilisha glavu?”

“Nilizifuta.”

Akafumba macho. “Shahidi naye ana petroli. Maji ya maabara yametoka wapi na petroli? Ni sisi. Na dumu nililiona, nikawa natazama namba.”

Moyo wa mdogo mtu ukaruka kwa furaha. “Basi si heri! Waambie maji ni mazuri, wafungue kesho.”

“Nitasemaje neno nisilolijua? Chupa zile haziwezi kusema kisima ni kichafu, wala haziwezi kusema ni safi. Mpaka sasa hatujui.”

“Watakufukuza, kaka. Una watoto wanne.”

“Na watoto wa mtaa je, wanywe kwa kubahatisha?”

Akaandika barua palepale. Mdogo mtu akaisoma begani kwake: kosa ni langu, niliruhusu petroli ishikwe karibu na sampuli. Jina lake yeye halikuwemo.

“Mbona mimi hukuniandika?”

“Siku ile ulikuwa mkono wangu. Mkono haushtakiwi.”

Mkuu wake alimpa barua ya onyo, akaja mwenyewe kusimamia upimaji wa pili mbele ya mtaa mzima. Safari hii jenereta ilijazwa tangu ofisini, ikawekwa mbali, upande upepo unakokwenda. Kaka akatoboa kwanza udongo chini ya ukuta kwa keekee ndefu ya mkono. Mita ya kwanza ulitoka mwekundu. Ya pili ukatoka wa kijivu, na harufu yake ikawafanya walio mbele warudi nyuma. Petroli ilikuwepo kweli, na ilikuwa njiani kuelekea kisimani.

Kisimani mdogo mtu alipewa kalamu tu. Akaandika vipimo, kimoja, kingine, kingine, mpaka vitatu vikafanana, kama watu waliotoka njia mbalimbali wakasema neno moja. Mwili ukamsisimka. Kaka akajaza kichupa mpaka maji yakavimba juu ya mdomo wake, akafunga, akakipindua, akakigonga kwa kidole. Hakuna kipovu. Petroli hutorokea kwenye hewa, alimwambia, hata hewa kidogo kama punje. Hata fundi viatu alisogea kutazama.

Majibu yalisema hivi: shahidi safi, kisima safi, udongo wa ukutani mchafu, uondolewe wote kabla ya mvua. Malori yaliuzoa siku tatu, na kaka akapima tena, ndipo mnyororo ukakatwa.

Wanawake walimsukuma mdogo mtu mbele achote wa kwanza. Ndoo ilipojaa hakunywa mara moja. Aliinama akayatazama. Yalikuwa yamekaa gizani, hayaonwi na mtu, hayana wa kuyatetea. Na kaka yake alikuwa tayari kupoteza mkate wa wanawe asiyasingizie, wala asiyasifu bure. Akageuka kumtafuta. Alikuwa pembeni, amevua kofia, midomo ikicheza katika sala.

“Kunywa basi,” mama mja mzito akamhimiza, “na sisi tuna kiu.”

Akanywa.