Miguu Isiyokubali Kukaa

Saluni ilikuwa na viti vitatu, vioo viwili, na mwenyewe mmoja asiyejua kunyamaza. Wateja walimwita Mama Kitana, maana kitana hakikumtoka nyweleni hata akiwa anakula. Mikono yake ilikuwa myepesi. Ungeingia na nywele zilizosimama kama ufagio, ukatoka unajitazama katika kila dirisha unalopita.

Tabu yake ilikuwa miguu. Mchana, akisuka amesimama, haikumsumbua. Jioni akishakaa tu, ndani ya miguu kulianza kitu kama sisimizi wanaohama na mizigo yao. Akitembea kinatulia, akikaa kinarudi. Kitandani alirusha mateke mpaka mumewe, fundi wa majokofu, akahamia kwenye kochi.

"Mke wangu," alimwambia, "nikitaka kuendesha baiskeli nitanunua yangu."

Walicheka, lakini kicheko kilikwisha siku wifi yake alipoagwa kazini baada ya miaka mingi ya ualimu. Mama Kitana aliketishwa mstari wa mbele. Wifi alipoanza kuhutubia, sisimizi wakaanza. Akavumilia, akakunja vidole ndani ya viatu, mwisho akainuka na kwenda kuzunguka nyuma ya ukumbi.

"Hotuba yangu ya mwisho, na wewe unazunguka kama mlinzi!" wifi alimwambia baadaye.

"Si dharau, wifi. Ni miguu."

"Wenzako hawana miguu?"

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Jirani alimshauri aweke kipande cha sabuni chini ya shuka. Akaweka. Asubuhi mumewe akasema, "Miguu imeoga, ila bado inacheza." Hapo Mama Kitana akaapa kuitafuta tabu hiyo mpaka aione sura.

Alianza na nesi mmoja, mteja wake wa siku nyingi. Akiwa anamsuka, alimweleza yote. Nesi akageuza kichwa, nusura msuko ufumuke.

"Hedhi yako ikoje?"

"Dada, bomba limepasuka."

"Na chai?"

"Ya rangi, nzito, kila baada ya chakula."

"Nenda ukapime damu. Usinunue vidonge kwa kukisia."

Alikwenda. Daktari alimwambia akiba yake ya madini ya chuma iko chini sana, na kwamba hali hiyo huweza kuchochea miguu isiyotulia. Alimwandikia dawa, akaagiza hedhi yake ichunguzwe, akamwambia chai isifuatane na chakula wala isinywewe jioni. Hata vile vidonge vya mafua alivyozoea kumeza apate usingizi, daktari alivikataa: baadhi yake huizidisha hali hiyo.

Mama Kitana akaishika kazi kama anavyoshika kichwa cha mteja. Maharage na mboga za majani zikatawala sufuria, na machungwa yakafuata, maana aliambiwa husaidia mwili kuyapokea madini hayo. Akifunga saluni alirudi nyumbani kwa miguu, akasimama akisukuma ukuta huku ananyoosha misuli ya nyuma ya miguu. Kisha maji ya uvuguvugu, na mumewe kumkanda.

"Taratibu, hilo si jokofu!"

Haikuwa miujiza. Majuma ya kwanza alikaribia kukata tamaa, na kuipunguza chai kulimuumiza kichwa. Lakini pole pole sisimizi walipungua, na kochi likabaki bila mpangaji.

Ndipo akamkumbuka mama yake, ambaye kila jioni alizunguka nyumba, na watu wakasema ana mawazo mengi. Akampigia simu.

"Mama, kule kuzunguka kwako jioni, ni miguu?"

"Nani kakwambia?"

"Miguu yangu. Daktari anasema tabu hii huweza kutembea katika ukoo."

"Kumbe si peke yangu!" Mama yake akacheka, kisha akashusha sauti. "Mwanangu, hata baba yako sikumwambia. Niliona aibu."

Alimpeleka kupimwa. Damu ya mama yake ilikuwa na madini ya kutosha, kwa hiyo njia yake ikawa nyingine: kuacha kahawa, kukandwa, kulala na kuamka saa ileile. Nafuu yake ni ya nusu, na anaikubali.

Wifi alipokuja kusukwa, alikuwa ameshasikia habari ya miguu.

"Nisamehe, wifi. Nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe? Inamisha kichwa." Mama Kitana akachomoa kitana. "Sasa ile hotuba, nianzie. Nataka kuisikia yote."