Mchai wa Ariane

Pudentienne ana miaka sitini na mmoja. Nyumba yake iko Kigali, kwenye mteremko wa kilima cha Rebero, mahali ambapo udongo ni mwekundu na maji ya mvua hayakai. Alizaliwa Bujumbura kwa wazazi Wanyarwanda, akaja Kigali akiwa tayari ameolewa, na kwa miaka mingi aliuza mboga karibu na njia panda ya Sonatubes. Mumewe alifariki mapema. Alibaki na binti mmoja, Ariane.

Ariane alifanya kazi kwenye kitalu cha chai huko milimani kusini. Krismasi moja alikuja na mche mmoja wa chai ndani ya mfuko wa plastiki, akaupanda karibu na mlango wa jiko, akamwambia mama yake asinywe tena chai ya dukani mbele ya mche huo, utaona wivu. Miaka miwili baadaye Ariane aliugua homa akafa. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mchai ulikuwa umefika kiunoni.

Nilimfahamu Pudentienne mwaka uliofuata. Nilikuwa nimetoka chuo, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufundisha kilimo cha bustani kwa kikundi cha akina mama wa mtaa wake. Somo la kwanza nililiandaa kwa siku nne. Niliwaeleza kwamba udongo wa kilima chetu una tindikali nyingi, ndiyo maana maharage hudumaa na kabichi hazifungi: chakula kimo ardhini lakini mizizi haiwezi kukichukua. Nikawaeleza kwamba chokaa hupunguza tindikali, na asiye na chokaa ana majivu jikoni. Niliandika kwenye karatasi kubwa: MAJIVU NI DAWA YA UDONGO WETU. Walipiga makofi.

Sikuwaambia kwamba iko mimea inayoishi kwa tindikali hiyohiyo, na kwamba chai ni mmojawapo. Nilikuwa nalijua jambo hilo. Niliwahi kulijibu kwenye mtihani.

Pudentienne alilishika somo kuliko wote. Majivu ya jiko lake yalipokuwa hayatoshi, alienda kwa jirani yake Twahiru, fundi cherehani, ambaye bado anatumia pasi ya mkaa kwa sababu umeme, anasema, humkatikia katikati ya suruali. Kila jioni Twahiru alimwaga majivu ya pasi kwenye kopo la rangi na kumwekea mlangoni.

"Mama Ariane, ya leo ni ya heshima," alikuwa akimwambia. "Nimenyoosha suti ya bwana harusi."

"Basi maharage yangu yatazaa mapacha," naye alikuwa akijibu.

Na kweli yalizaa. Winifred, mwenyekiti wa kikundi, alikuja kuyaona akasema huyu mama sasa atagombea ubunge wa maharage. Pudentienne alicheka, jambo ambalo majirani walikuwa hawajalisikia tangu mazishi. Ndipo alipoona si haki maharage yapewe dawa na mti wa binti yake ukose. Akaanza kuuwekea kopo zima kila asubuhi, akizungushia shina taratibu kwa mkono.

Baada ya miezi majani machanga yakaanza kuwa njano, mishipa tu ikibaki kijani. Akafikiri dawa ni kidogo. Akaongeza.

Aliponiita, miezi kumi ilikuwa imepita.

"Njoo uone, mwanangu. Uko njano tu. Nimeupa kila kitu."

Nilichota udongo chini ya mchai, nikaukoroga kwenye glasi na maji safi niliyonunua duka la dawa, nikauacha utulie, kisha nikachovya karatasi ya kupimia tindikali, ambayo rangi yake husomwa kwa namba. Kwa namba hizo, saba ni katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni kinyume chake. Chai hupenda nne na nusu hadi tano na nusu. Karatasi ile iligeuka rangi ya namba nane. Nilirudia mara tatu nikitumaini nimekosea.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inasema udongo umebadilika sana, mama. Tuache majivu kwanza."

"Kwa maharage pia?"

"Maharage hayana shida. Ni huu tu."

Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni.

Tulikwangua udongo wa juu wote, tukaweka mwingine niliouleta kwenye magunia kutoka kichaka ambacho hakijalimwa. Nilichanganya unga wa salfa, ambao hurudisha tindikali, lakini salfa ni kazi ya miezi na mti ule haukuwa na miezi. Nilikata vipandikizi sita nikavipanda kwenye vifuko chini ya kivuli. Pudentienne alivinyunyizia maji kwa vidole kama anayebariki. Wiki ya tano vyote vilikuwa vyeusi. Kisha kiangazi kikaingia.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya mchai. Nilikwaruza gome kwa kucha, kuanzia juu hadi ardhini. Kila mahali palikuwa pakavu, rangi ya kahawia, bila kijani hata kidogo.

"Mti umekufa, mama."

"Nimeona. Kama ningeuacha bila kuupa kitu, ungekuwa hai?"

Wiki nzima nilikuwa nimeandaa jibu lililoanza na ukame na joto la Kigali.

"Ungekuwa hai," nikasema. "Lakini mimi ndiye niliyewafundisha kwamba majivu ni dawa, nikanyamazia mengine. Kosa ni langu."

"Wewe hukulibeba lile kopo." Alisema bila hasira. "Ariane alifika hapa na homa siku ya Jumapili. Nikasema ni baridi ya milimani. Nikamchemshia umuravumba, majani yale machungu pale ukutani. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Alikuwa anamaliza chote ili nisihuzunike. Jumatano ndiyo nikampeleka hospitali, wakasema malaria imeshapanda kichwani. Walisema, mbona mmechelewa.

"Watu wote waliniambia ilikuwa siku yake. Padri, Winifred, hata Twahiru. Wewe peke yako unapima kitu kwanza ndipo unajibu. Basi nijibu na hilo: ningempeleka Jumapili?"

"Mimi nimesoma udongo tu, mama. Mambo ya homa siyajui."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Unajua," akasema.

Alisimama, akaleta jembe, tukaung'oa pamoja. Mizizi ilitoka kwa urahisi sana.