Kuvu ya Avelina

Tangu akiwa sekondari Kaengesa, Avelina alipendelea viumbe visivyoongea. Wenzake walipokwenda uwanjani, yeye alibaki na kitabu. Baadaye, akiwa mhadhiri msaidizi chuoni, alichunguza udongo wa ntumba, yale matuta ya duara ambamo Wafipa hufukia nyasi zioze, akapata humo kuvu nyeupe. Ukiipaka kwenye nafaka, huwahi kuzishika punje, na kuvu yenye sumu hukosa pa kukaa.

Angeandika makala kwenye jarida, mambo yakaishia hapo. Lakini Dakta Basil, mkuu wa kitengo cha ubunifu, alikuwa akipita idara kwa idara akiwahimiza watafiti wafungue kampuni.

"Mnagundua, mnaandika, mnapandishwa vyeo, na mkulima anaendelea kula ukungu," aliwaambia. Akamgeukia Avelina. "Na wewe, mama mkurugenzi, unaogopa nini?"

"Sijapima kila hali, Daktari."

"Utazimaliza ukiwa kaburini."

Wenzake wakacheka. Avelina naye akacheka kwa aibu, kisha akakubali. Kampuni ikaundwa, unga wa kuvu ukatiwa kwenye pakiti, na uzinduzi ukapangwa kufanyika katika mji mdogo wa Laela siku ya Jumamosi.

Ijumaa asubuhi alipitia Kasense kwa shangazi yake Luciana, aliyekuwa akiujaribu unga huo tangu mavuno.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bibi ukungu. Mbona umekonda? Huko chuoni mnakula karatasi?"

Mahindi na ulezi kihengeni vilikuwa safi. Avelina alinusa punje, moyo ukatulia. Ndipo alipoona, pembeni mwa jiko, rundo lililofunikwa magunia mabichi.

"Hiki nini?"

"Kimea cha ulezi, cha pombe. Watu wanakuja kunilimia, nitawanywesha maji?"

"Ulezi wa wapi?"

"Wa kihenge hikihiki. Si ulisema unga wako unalinda nafaka zote?"

Ni kweli, alisema. Yeye, binti wa Kifipa aliyekua kando ya mitungi ya pombe, alisahau kwamba hapa ulezi hausubiri kusagwa tu. Huloweshwa, hufunikwa, huachwa upate joto uchipue. Maabara alipima nafaka kavu peke yake.

Akafunua gunia. Joto likampiga usoni. Kuvu ilikuwa imevifunika vichipukizi kama manyoya, na haikuwa nyeupe tena. Ilikuwa na ukijani wa kufifia ambao hakuwahi kuuona, na harufu tamu, tamu kupita kiasi.

Shangazi alikuwa akijikandakanda tumbo. "Nilishapika kidogo nikaonja. Nzuri kweli. Ila tangu alfajiri tumbo linanisokota."

Avelina akamwita jirani mwenye pikipiki ampeleke shangazi hospitali upesi. Kisha akampigia Basil.

"Umepima ukakuta sumu?" Basil aliuliza.

"Bado."

"Basi huna ushahidi. Tumbo la mtu mmoja si utafiti."

"Ni shangazi yangu. Sitisha uzinduzi wa Laela, Daktari."

Basil akashusha sauti.

"Avelina, pakiti tulishazigawa huko wiki mbili zilizopita. Tulitaka kesho watu waje na ushuhuda."

Mchana ule Avelina, aliyezoea kuinamisha kichwa akipita mbele za watu, alifika Laela akaingia ua baada ya ua. "Msiloweshe ulezi uliopakwa. Nirudishieni pakiti." Wengine walimrudishia wakinung'unika. Mzee mmoja alimcheka. "Kampuni imetoa zawadi, sasa inanyang'anya? Hamna haya."

Kwenye ua wa mwisho wa mtaa ule, mwanamke aitwaye Tereza alikuwa akipepeta mchele. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatabasamu kwa huruma, kama anayemwonea huruma mgeni aliyekosa basi.

"Umechelewa, dada yangu. Sisi tuna harusi. Ulezi tulishaulowesha, tukaupika, na pombe imeiva."

"Mmeanza kunywa?"

Tereza akaelekeza ungo wake nyuma ya nyumba. Huko wageni walikuwa wakiimba, na sauti moja nzito ilikuwa ikiomba iongezewe.