Papa Alikuwa Amekwisha Kuliliwa

Siku papa yangu alipokufa, hakuna mtu aliyelia.

Mke wake hakulia. Mimi sikulia. Hata majirani wa Tshopo, mtaa wetu, ambao kwa kilio huwa hawangoji kualikwa, walikaa kwenye viti wakatazama miguu yao.

Usifikiri alikuwa mtu mbaya. Tulikatazwa.

Sababu tuliyopewa ilikuwa moja tu: alikuwa amekwisha kuliliwa. Matanga yake yalifanyika zamani, wakati wa vita, mimi sijazaliwa.

Ngoja nieleze polepole.

Papa tulimwita Hilaire. Enzi ile majina ya ubatizo yalikuwa yamefutwa kwa amri ya serikali kwenye karatasi zote za Zaïre, lakini nyumbani nani angekuja kutukagua? Ujanani alikuwa askari wa Wabeleji. Walimpeleka vitani Abisinia, na habari ikarudi kijijini kwamba amekufa huko. Familia ikalia. Mwili haukuwepo, basi wakakata mgomba, wakauvika shati lake, wakauzika.

Halafu vita ikaisha, akatokea na bulangeti la jeshi begani.

Tulikua na hadithi hiyo. Watoto wa mtaa wetu walimwita Papa Marehemu, naye aliitika.

"Marehemu, jambo!"

"Jambo, batoto."

Hakukasirika hata siku moja. Alikuwa zamu, yaani mlinzi, kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja mjini, na maneno yake yalikuwa machache. Ukimuuliza vita ilikuwaje, alikujibu, "Kulikuwa mavumbi." Basi, umepewa.

Alikuwa na ajabu moja, nayo ni maharagi. Sisi wa Kisangani tunakula pondu, yale majani ya muhogo, na samaki. Yeye alitaka maharagi. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda sokoni kwa Wanande, wale wafanyabiashara wa kutoka Butembo, akakaa juu ya gunia akiwasikiliza wakiongea luga yao. Siku nyingine hakununua kitu. Alikaa tu.

Mama alimtania. "Wewe, bale batu bamekuroga na maharagi yao."

Papa alicheka kidogo, akaendelea kula.

Alikufa asubuhi, amekaa kwenye kiti chake, chai mbele yake. Nilidhani anafikiri.

Siku ya pili akafika Papa Mukubwa Lukumani, kaka yake, kutoka kijijini kwa pirogi, mtumbwi wa mtoni. Alikuwa amevaa abacost, ile suti isiyo na tai, nyeusi, imefungwa mpaka shingoni. Hakusalimu mtu. Alisimama mlangoni akasema, "Mutu asilie hapa."

Mama yangu, Agathe, alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Akakifunga.

"Huyu tulishamulilia," Papa Mukubwa akasema. "Kwetu ukilia mutu mara mbili, unaita maiti ya pili."

Akatazama tumbo langu. Nilikuwa na mimba kubwa.

Bon. Hapo ungebisha nini?

Niseme ukweli, mimi amri hiyo haikunisumbua. Sikuwa nasikia kitu chochote. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu ulioukalia muda mrefu. Watu walinipa pole, nikasema asante. Nilitazama inzi akizunguka kikombe cha papa, nikafikiri lazima mtu akioshe.

Mama ndiye aliyeumia. Aliniinamia sikioni. "Emérence, mume wangu atashuka ndani ya udongo hivi hivi, sawa imbwa? Bila mutu wa kumuita?"



Halafu minong'ono ikaanza uani. Mke asiyelia ni mke aliyemla mume wake. Ndoki, mchawi. Mama Colette, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alichukua kiti chake akakisogeza mbali na mama. Nilimwona, na mama alimwona vilevile.

Jeneza lilikuwa litoke saa tisa. Udongo ukishafunika, mama angebaki na jina hilo la ndoki mpaka kufa kwake.

Ndipo akaingia mzee Amuri.

Huyu alikuwa Mwislamu wa Kindu, askari wa zamani, mwenzake papa wa kikosi kimoja. Kila mara chama kilipotaka wazee wa vita waandamane mbele ya wakubwa, wawili hao walikuwa wakitembea bega kwa bega. Alivua viatu, akaegemea fimbo yake, akasikiliza ule ukimya.

"Hapa kuna musiba ao kuna mukutano wa chama?" akauliza. "Hata kwa mukutano batu banapiga makofi."

Papa Mukubwa akamweleza habari yote: vita, mgomba, maiti ya pili.

Mzee Amuri akauliza, "Siku ile mulililia nani?"

"Mudogo wangu. Hilaire."

"Mulifanya muzuri. Hilaire alikufa. Nilimuzika mimi." Akanyoosha fimbo yake kwenye jeneza. "Mimi na huyu."

Nilisikia mtu akiweka glasi chini.

Mzee akakaa. Alisimulia bila haraka, kama mtu anayeelekeza njia. Alisema Hilaire alikufa kwa kuhara damu, kule Abisinia, hata risasi haikumgusa. Kabla ya kukata roho alimpa rafiki yake huyu bulangeti, akamwambia, mupelekee mama yangu. Rafiki akaahidi. Vita ilipoisha, akalileta.

"Alikuja kuleta bulangeti tu," mzee akasema. "Alitaka kulala siku moja, aende kwao."

"Basi ilikuwa namna gani?" mama akauliza.

Aliyejibu ni Papa Mukubwa. Alikuwa amefungua kifungo cha shingo.

"Mama yetu alikuwa kipofu. Alishika bulangeti, akalinusa. Akashika kichwa cha ule mutu, akasema, mutoto wangu, umerudi." Akajifuta uso. "Mudogo wangu alikatikaka kidole cha muguu na shoka, tukiwa batoto. Huyu alivua viatu vyake mbele yangu. Vidole vyote viko. Nilijua siku ileile."

"Na ulinyamaza?"

"Mama alikuwa anacheka. Bengine bakasema vita ndiyo ilimugeuza sura. Ningesema nini?"

Papa alikaa kijijini mpaka bibi alipokufa, na bibi yangu hakuwa na haraka ya kufa. Kufikia hapo alikuwa na mke, na mimi nilikuwa nimezaliwa. Kwao hakuna aliyemngoja. Mzee Amuri alisema wazazi wake walikufa angali mdogo.

Basi mgomba ulikuwa wa Hilaire. Kilio kilikuwa cha Hilaire. Huyu aliyelala ndani ya jeneza, hakuna mtu hata mmoja duniani aliyewahi kumlilia.

"Papa Mukubwa," nikasema, "sasa mbona umetukataza?"

Alinitazama kama mtoto aliyeshikwa.

"Kulia ni kuita jina. Mungeita Hilaire, na Hilaire alishaitwa. Jina la huyu sikulijuaka. Nilimuuliza mara moja tu, akasema, acha, yaya, kaka yangu, nalala vizuri hivi. Donc nikaona afazali kimya, kuliko kumuzika na kilio cha mutu mwingine."

Mama aligeukia jeneza.

"Miaka yote ile," akasema, "mimi nilikuwa naita nani?"

"Alikuwa anakuitikia," mzee Amuri akamjibu.

Kisha akatuambia jina. Katembo. Munande wa Butembo.

Nikaona yale magunia ya sokoni. Nikaona maharagi.

Mama alisimama, akaenda mpaka kichwani pa jeneza. "Katembo," akasema. Mara ya kwanza alilisema kwa woga, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Mara ya pili alilipigia kelele, na ua mzima ukaitika. Watu walilia kilio cha siku mbili kwa mara moja. Papa Mukubwa alilia kuliko wote, abacost wazi, kamasi mpaka kidevuni. Mama Colette alirudisha kiti chake, wala hakuna aliyemuuliza.

Msalaba ulikuwa umeandikwa tayari. Papa Mukubwa akaugeuza, akaandika upande wa pili kwa makaa. Chef wa mtaa alikuja kuukagua akafurahi, jina la kizaïrois kabisa.

Mimi? Sikulia. Nilisema jina mara moja, nikaenda kuosha kile kikombe.

Mtoto alizaliwa salama. Maiti ya pili haikuja.

Nililia siku nyingine kabisa, mtoto yuko mgongoni. Nilikuwa sokoni, napimiwa maharagi, na mama mmoja wa Butembo akaita mwanawe nyuma ya magunia: "Katembo, leta kipimo!"

Kijana akaitika.

Nilikaa chini pale pale. Yule mama akaacha kupima, akanishika bega, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia, papa. Akauliza lini. Nikamwambia, leo.

Wewe unayenisoma, kama nyumbani kwenu kuna mzee wa maneno machache, muulize mama yake alimwitaje. Muulize angali anakunywa chai.