Sigara Katika Wodi ya Kifua Kikuu

Siku yangu ya kwanza kazini Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, daktari wa zamu alipita wodi ya kifua kikuu na sigara mdomoni. Majivu aliyakung'uta kwenye kisahani cha chuma cha kuwekea sindano, nami, muuguzi mgeni, nikamshikia. Msicheke, ndivyo tulivyokuwa.

Kisha bajeti ikapandisha bei. Ninyi vijana husema bei haimtishi mvutaji. Inamtisha! Vibarua waliokuwa wakinunua pakiti wakaanza kununua moja moja, na wengine wakaacha kabisa. Lakini wagonjwa wangu sigara moja waliizungusha wodi nzima, vichwa vimekaribiana, wanakoholeana usoni, nami roho mkononi.

Sista Mkuu akapiga marufuku. "Ndani ya ua huu sitaki moshi," aliniambia. "Na wewe ndiwe mlinzi wangu."

Marufuku nayo ilifaa. Kutembea hadi nje ya lango, juani, na pumzi zenyewe za kubahatisha, wengi waliona heri waache.

Si Mzee Karisa wa Jilore. Alibakiwa na mwezi mmoja wa sindano, ambazo siku hizo tulidunga kila siku bila kuruka. Nilimkuta nyuma ya choo anavuta, mara ya tatu. Nilikuwa na hasira, na zaidi nilimwogopa Sista Mkuu, nakiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Acha sigara kwanza, ndipo urudi kwenye sindano."

Akanitazama, akazima kipisi, akakitia mfukoni. "Haya. Nikiacha nitakuja."

Nilidhani angerudi jioni. Kitanda kikakaa kitupu siku tatu, kisha wiki, kisha mwezi. Kila mgonjwa aliyeletwa langoni kwa baiskeli nilimkimbilia kumtazama uso. Hata hivyo sikutuma mtu Jilore, kwa kuwa niliona haya kueleza nilichomwambia.

Alirudi mvua za vuli zilipoanza, amebebwa na wanawe wawili, mifupa mitupu. Alinitafuta kwa macho hadi akaniona.

"Nimeacha, sista," alisema. "Mwezi wa pili huu sijaonja."

Nilimdunga siku hiyohiyo. Hakumaliza wiki.

Sasa nimestaafu. Bei ikipanda nafurahi, na bango la kukataza sigara nikiliona naliunga mkono. Wavutaji hupungua, nimeona kwa macho yangu. Ila ninyi mnaoshika sindano leo, mgonjwa msimwekee sharti. Mimi nilimwekea mzee yule, naye akalitimiza.