Vishikwambi Vilivyotunzwa Vizuri

Jumatano, mwanzoni mwa Juni. Mvua ilinyesha usiku ikakatika alfajiri, na umeme ukaondoka nayo. Upepo wa kusi ulivuma kutwa.

Leo ndiyo siku ambayo ningeandikwa kazi ya kudumu, au nisiandikwe. Nimekuwa wa majaribio mwaka mzima. Halmashauri ya shule ilisema wageni wa ofisi ya elimu wakikagua maktaba wakaridhika, barua yangu itatiwa sahihi papo hapo.

Maktaba nilipewa nikiwa mfagizi. Niliishia darasa la nane, wala sijui kama haya nayaandika sawasawa. Nadhani walinichagua kwa sababu sijawahi kupoteza ufagio.

Vishikwambi thelathini, vyenye vitabu ndani, vililetwa muhula wa kwanza. Siku hiyo palikuwa na pilau, hotuba tatu, na mafunzo ya nusu saa. Mwalimu mkuu akaniambia, "Bi Maktaba, vitunze." Sitaki kumsingizia: hakusema nivifungie. Hilo nilijitolea mwenyewe. Nyumbani vyombo vizuri hukaa kabatini vikingoja wageni, nasi tunakula kwenye vya plastiki. Nikaona na hivi ni vivyo hivyo. Nikavifumia vitambaa vya uzi, kimoja kimoja. Kila Ijumaa nikavipangusa. Watoto wakija na vidole vyekundu vya mabuyu, nawaambia wakanawe. Wakirudi wamenawa, nawaambia kengele inakaribia kulia.

Basi leo asubuhi nikafungua kabati. Nikabonyeza cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Vyote thelathini vilikuwa vimekata moto, havina chaji, na umeme hakuna.

"Shikamoo mwalimu. Haviwaki."

"Marahaba. Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Mwalimu mkuu akatazama saa, akatazama dari. "Hakuna neno. Wape watoto wavishike. Wapitishe vidole juu, hivi. Wageni hawakai."

Nami nikavigawa. Ningeweza kukataa, sikukataa. Barua ilikuwa mezani kwake nimeiona.

Mgeni aliyeingia mbele alikuwa mama mmoja mtu mzima, mtandio wa kijani, miwani shingoni. Akasimama mlangoni. "Mashaallah! Maktaba yenye utulivu namna hii sijapata kuiona."

Ni kweli, ilikuwa tulivu. Hapakuwa na la kusoma.

Akamwinamia msichana mmoja wa darasa la sita. "Unasoma nini, mwanangu?"

"Hadithi ya sungura na fisi, bibi."

"Hebu nisomee."

Msichana akasoma. Alisoma vizuri, bila kukwama, macho kwenye kioo cheusi. Kitabu hicho tunacho kimoja, kimechanika jalada, naye amekiazima muhula mzima hadi kimemwingia kichwani. Alipofika mwisho wa ukurasa akalamba kidole, akapangusa kioo.

"Mbona unalamba kidole?"

"Kurasa zimegandana, bibi."

Watoto wakaziba midomo. Mwalimu mkuu akapatwa na kikohozi. Yule mama akavaa miwani, akakichukua kile kishikwambi, akakigeuza nyuma na mbele, kisha akanitazama mimi.

"Bi Maktaba, hivi vinawaka?"

Nilisema moyoni, sema umeme umekatika. Nao ulikuwa umekatika kweli. Lakini msichana alikuwa ananitazama.

"Haviwaki, bibi. Nilivifungia tangu vije."

"Kwa nini?"

"Visiharibike."

"Na vimeharibika?"

"Sijui. Havijatumika."

Hakucheka. Aliandika kitambo kirefu kwenye daftari lake, akampa msichana mkono, akaondoka.

Mwalimu mkuu akanijia. "Dada yangu, leo umetuvua nguo."

"Nisamehe, mwalimu."

"Na vile vitambaa, nani alikutuma?"

"Hakuna."

Saa nane nikaitwa ofisini. Barua haikutiwa sahihi. Nitarudi kwenye ufagio, na vishikwambi atavishika mwalimu wa hesabu, atakayevitoa kila siku, mabuyu au bila mabuyu. Nilikabidhi ufunguo. Nimelifikiria njia nzima, na ningekuwa wao ningeamua vivyo hivyo. Ila mwalimu mkuu naye alijua kabati halifunguliwi, maana liko mkabala na mlango wake. Hilo nalo liandikwe.

Mume wangu aliniuliza kama barua imetoka. Nikamwambia haikutoka. "Uliwaambia nini?" "Niliwaambia haviwaki." Akanawa mikono, akasema, "Basi pakua."

Tulikula sima kwa mboga ya mchunga iliyotiwa nazi, na kipande cha papa kilichobaki jana.